Kijana hasomi vizuri? Usimchape, usimfanyie kazi: mfunze kujitegemea

Ilikuwa Jumatatu ya kufungua shule. Mama mmoja mchumaji wa majani chai aliingia katika kliniki yangu hapa Kangari akifuatwa na mwanawe wa Kidato cha Pili. Kijana alikuwa amevaa sare, na sanduku lake la chuma lilikuwa limebaki nje kwa mlinzi.

"Daktari, ni tumbo tena," mama alisema. "Na kichwa. Siku ya kurudi shule ikifika tu, anaanza."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilimpima taifodi nikampa dawa. Mara ya pili nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikampa dawa za kupunguza asidi. Malaria sikuifikiria sana, kwani huku kwetu kwenye baridi ya milima ya Aberdare ugonjwa huo si wa kila siku. Mara hii ya tatu, nikiwa nimeishiwa na mawazo, nilimpa kijana pakiti ya vidonge nikamwomba anisomee maagizo yaliyoandikwa juu yake.

Aliitazama kwa muda mrefu. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Hatimaye akasema, "Daktari, nimesahau miwani." Mama yake aliinamisha kichwa. Kijana hakuwa na miwani, wala hajawahi kuwa nayo.

Niliichukua ile pakiti nikamsomea mimi mwenyewe mara moja tu, kisha nikamwuliza maswali. Aliyarudia maagizo yote bila kukosea: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada ya chakula, na nini asichanganye na dawa hiyo. Masikio yake yalinasa kila kitu. Maandishi ndiyo yaliyomshinda. Tumbo lake lilikuwa likiuma kwa sababu ya hofu, na mimi daktari nilikuwa nimelitibu mara mbili bila kumwuliza anaogopa nini.

Mpenzi msomaji, mambo machache katika kisa hiki nimeyabadilisha ili kijana asitambulike. Lakini kiini chake ni cha kweli, na nimekutana nacho mara nyingi katika miji hii yetu ya Mlima Kenya, kuanzia Kangari hadi Nyeri. Leo nataka tuzungumze juu ya hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa disleksia, na hasa juu ya jambo ambalo wazazi wengi hunisahaulisha kwa maswali ya tiba: mwanafunzi wa shule ya upili mwenye hali hii atajitegemea vipi siku ambayo mama, dada au mwalimu hatakuwa karibu naye?

DISLEKSIA NI NINI?

Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika unaompata mtu mwenye akili timamu, anayeona na kusikia vizuri, na ambaye amepata nafasi ya kufundishwa kama wenzake. Makadirio ya kawaida ya wataalamu ni kwamba watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanayo kwa kiwango fulani, na wengine hutaja idadi kubwa zaidi. Katika darasa la wanafunzi 50, basi, usishangae kuwapata wawili, watatu au hata watano.

Hali hii si ngeni. Mnamo Novemba 1896, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Seaford nchini Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo juu ya mvulana wa miaka 14. Mvulana huyo alikuwa mwerevu, hodari wa michezo na wa hesabu, lakini baada ya miaka mingi ya kufundishwa bado hakuweza kusoma maneno mepesi. Hata jina lake mwenyewe, Percy, aliliandika kwa kupindua herufi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu angekuwa wa kwanza shuleni. Zaidi ya miaka 120 imepita, na maneno kama hayo ningali ninayasikia kutoka kwa walimu wa hapa kwetu.

Chanzo kimo katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Binadamu amezungumza tangu zamani za kale, lakini maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi tu. Hakuna sehemu ya ubongo tuliyozaliwa nayo kwa ajili ya kusoma. Kila mtoto hulazimika kuunganisha sehemu zinazoona herufi na zile zinazotambua sauti, aghalabu upande wa kushoto wa ubongo. Picha za ubongo zilizopigwa na watafiti tangu miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba kwa mtu mwenye disleksia sehemu hizo hufanya kazi kwa udhaifu au kwa njia tofauti. Barabara ipo, ila ni ya matope, na gari hupita polepole.

Isitoshe, hali hii hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo hukaribia nusu. Haitokani na uvivu, kurogwa, televisheni wala malezi mabaya.

LUGHA TATU KATIKA KICHWA KIMOJA

Mtoto wa Kangari huanza na Kikuyu nyumbani, akajifunza Kiswahili, kisha Kiingereza ambacho ndicho kitakachobeba karibu masomo yote ya shule ya upili. Hapo ndipo wazazi na walimu wengi hupotea njia.

Kwanza, wapo wanaodhani kwamba lafudhi ni disleksia. Mtoto akisema "rara" badala ya "lala", au "shai" badala ya "chai", hiyo ni athari ya lugha ya mama. Nusu ya soko la Kangari huzungumza hivyo, na wengi wao husoma gazeti hili bila taabu. Hata akiandika makosa hayo kwenye insha, anaandika anavyotamka. Hilo ni jambo la kurekebishwa na mwalimu wa lugha.

Pili, na hili ni baya zaidi, wapo wanaofanya kinyume chake. Mtoto mwenye disleksia huambiwa kwamba ni "Kikuyu kinamsumbua" na kwamba Kiingereza kitakuja chenyewe. Anangojewa mwaka hadi mwaka mpaka anafika shule ya upili akiwa bado anakisia maneno.

Tofauti ni hii. Kikuyu na Kiswahili huandikwa karibu kama vinavyotamkwa. Ukishajua herufi na silabi, unaweza kusoma hata neno usilolijua maana yake. Kiingereza hakina huruma hiyo. Maneno "cough", "dough" na "through" yana herufi zinazofanana mwishoni, lakini kila moja hutamkwa kivyake. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wale wa nchi nyingine mbili. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule kwa wote.

Kwa hivyo mtoto wetu mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili pasipo makosa mengi, ila polepole mno, kisha akaanguka kabisa katika Kiingereza. Mwalimu akiona hivyo husema, "Huyu anajua kusoma, ni mvivu wa Kiingereza tu." Mwalimu asikilize mwendo wa kusoma pia, asihesabu makosa peke yake. Na atazame jinsi kijana anavyolikabili neno refu la Kiswahili kama "waliotutembelea", ambalo limebeba sentensi nzima ndani yake. Mwenye disleksia hulifikia neno kama hilo akasimama, au akalikisia kutokana na herufi za mwanzo.

DALILI KWA MWANAFUNZI WA SHULE YA UPILI

Watu wengi wanajua dalili za mtoto mdogo, kama vile kuchanganya b na d. Mwanafunzi mkubwa amejifunza kuficha. Mtazame kwa makini ukiona haya:

Anasoma polepole, na akifika mwisho wa ukurasa amesahau mwanzo. Akisomewa ukurasa uleule, anajibu maswali yote.

Maandishi yake yana makosa ya tahajia yasiyo na mpangilio, na neno moja huliandika kwa namna tatu tofauti katika insha moja. Mdomoni anaeleza jambo vizuri, lakini kwenye karatasi hutoa mistari mitano mifupi kwa kuchagua maneno anayoweza kuyaandika.

Hamalizi mitihani. Sehemu ya mwanzo ina majibu mazuri, nusu ya pili iko tupu.

Anakwepa. Zamu yake ya kusoma kwa sauti ikikaribia, anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Anasahau vitabu, anapoteza miwani asiyokuwa nayo, anakuwa mchekeshaji wa darasa au mgomvi. Kuna wale, hasa wasichana, ambao hukaa kimya kabisa nyuma ya darasa. Hao husahaulika kwa sababu hawamsumbui mtu.

Na mwili wake husema. Tumbo, kichwa, kukosa usingizi, kutapika asubuhi ya siku ya mtihani. Daktari akipata majibu ya maabara yasiyo na kitu, na maumivu yanafuata kalenda ya shule, amwulize kijana juu ya kusoma. Hali kadhalika amwulize kama amekata tamaa ya maisha. Swali hilo halimtii mtu wazo baya kichwani. Linaweza kumwokoa.

HAKUNA KIDONGE

Jambo la kwanza ninalofanya ni kupima macho na masikio, maana mtoto asiyeona ubao hawezi kusoma ubao. Lakini miwani hurekebisha macho tu. Hakuna dawa, sindano, vitamini, mafuta ya samaki wala miwani ya rangi ambayo imethibitishwa kuponya disleksia. Mama yule alikuwa amekwisha kutumia sehemu ya bonasi ya majani chai kununua chupa za "dawa ya akili". Mzazi, hifadhi pesa zako.

Kinachosaidia ni mafunzo yenye mpangilio: sauti, silabi, kisha vipande vya maneno, kwa kurudia mara nyingi na kwa kutumia macho, masikio na mkono kwa pamoja. Mafunzo haya hufaa zaidi yakianza mapema, lakini usiambiwe kwamba kijana wa miaka 16 amechelewa. Mkubwa anaweza kufundishwa kulipasua neno. Lile neno "waliotutembelea" likipasuliwa kuwa wa-li-o-tu-tembelea, halitishi tena, na kila kipande kina kazi yake ambayo tayari anaijua anapozungumza.

Kwa uchunguzi rasmi, nchini Kenya kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984. Ulizia katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hufanya tathmini na kuwafunza walimu. Zipo shule chache zilizojitolea kwa watoto wenye disleksia, kama vile Rare Gem Talent ya Kitengela, lakini wengi wa watoto wetu watabaki katika shule za kawaida za karibu na kwao. Ndiyo maana sisi wa karibu nao lazima tujue la kufanya.

MSAADA UNAOLEMAZA

Turudi kwa kijana wetu. Nilipozungumza na mama yake faraghani, nilijua jinsi alivyofika Kidato cha Pili. Katika shule ya msingi dada yake mkubwa alikuwa akimwandikia kazi ya nyumbani. Mama alimsomea kila kitu. Rafiki aliyekaa naye dawati moja alimpa daftari anakili. Wote walifanya hivyo kwa mapenzi. Kisha akaenda bweni, na wote wakabaki nyumbani. Siku hiyo ndipo tumbo lilipoanza kuuma.

Kwa upande mwingine, wapo watoto ambao hawakupata msaada wowote ila fimbo na matusi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasisitiza marufuku hiyo, lakini ulimi wa mtu mzima bado unachapa. "Wewe ni wa kuchunga ng'ombe," mtoto huambiwa mbele ya darasa.

Mtoto aliyechapwa na mtoto aliyefanyiwa kila kitu hufika mahali pamoja. Wote wawili huamini kwamba hawawezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada mzuri una siku yake ya tatu. Unaanza mkubwa, unapungua hatua kwa hatua, na kila unapopungua kuna ustadi unaobaki mikononi mwa kijana.

HATUA NNE ZA KUMPA JEMBE

Mimi huzigawa kulingana na vidato vinne, lakini kila kijana ana mwendo wake. Waliomo katika mtaala mpya wa umilisi wanaweza kuzifuata vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: ajue hali yake na aweze kuitaja. Mweleze kwa lugha nyepesi disleksia ni nini na si nini. Kisha mfanye ajizoeze kuieleza kwa sentensi mbili au tatu. Mathalani: "Mwalimu, nina disleksia. Nasoma polepole lakini nikisikia naelewa. Naomba usiniite kusoma kwa sauti bila kunipa nafasi ya kujitayarisha." Kijana wetu aliyasema maneno hayo mbele yangu mara sita kabla ya kuthubutu kuyasema shuleni. Katika hatua hii mzazi huenda pamoja naye kwa mwalimu wa darasa, lakini mzazi asiwe ndiye msemaji pekee.

Hatua ya pili: apate zana zake. Nyingi hazigharimu kitu. Rula chini ya mstari anaosoma. Kadi ndogo za maneno magumu ya kila somo, kumi kwa wiki, neno upande mmoja na mchoro upande wa pili. Kuanza na maswali ya ufahamu kabla ya kusoma kifungu, ili ajue anatafuta nini. Kuchora ramani ya mawazo kabla ya kuandika insha. Kusoma na mwenzake wakati wa masomo ya jioni: mwenzake anasoma kwa sauti ya chini, yeye anaeleza hesabu au sayansi. Hapo hakuna ombaomba, ni biashara ya haki. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, lakini wakati wa likizo simu ya kisasa inaweza kumsomea maandishi kwa sauti na kuandika anachosema. Ajifunze kuitumia mapema, maana baada ya shule itakuwa fimbo yake ya kutembelea.

Hatua ya tatu: apange na aombe mwenyewe. Mwenye disleksia huhitaji muda zaidi, na muda haupatikani usiku wa kuamkia mtihani. Awe na ratiba moja tu, iliyobandikwa mahali pamoja, yenye rangi au alama badala ya maneno mengi. Kila Jumapili apitie wiki inayokuja. Na akihitaji kitu, aende yeye. Mzazi anayempigia simu mwalimu mkuu kila wiki ajizuie. Amwulize kijana kwanza, "Umemwomba? Alisemaje? Utajaribu vipi tena?"

Hatua ya nne: ajisimamie, na sisi tubaki kando. Achague mwenyewe zana zipi anaendelea nazo na zipi anaziacha. Akosee, apate alama mbaya mara moja mbili, ajue kwa nini. Ni vigumu kwa mzazi kutazama hayo. Lakini kosa la Kidato cha Nne ni rahisi kurekebisha kuliko kosa la kazini.

KWA WALIMU

Najua madarasa yenu yamejaa na kazi ni nyingi. Sikuombeni miujiza. Msimwite kusoma mbele ya darasa kwa ghafla. Toeni maagizo kwa mdomo na kwa maandishi. Mpeni nakala ya maelezo badala ya kumtaka anakili ubao mzima. Katika historia na bayolojia, sahihisheni anachokijua kabla ya kuhesabu makosa ya tahajia. Mara mojamoja mruhusuni ajibu kwa mdomo, mtashangaa.

Kuhusu mitihani ya kitaifa, Baraza la Mitihani, KNEC, lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalum, kama vile kuongezewa muda. Uamuzi ni wa Baraza, lakini haliwezi kuamua juu ya mtu lisiyemjua. Shule hutakiwa kumtambulisha mtahiniwa wakati wa usajili pamoja na ripoti ya tathmini. Ripoti hiyo haipatikani kwa siku moja. Mzazi anayesubiri hadi muhula wa mwisho amechelewa.

NJE YA LANGO LA SHULE

Tunapenda kupima kujitegemea kwa alama za mtihani, lakini mitihani ina mwisho. Kijana akifika miaka 18 atajaza fomu ya kitambulisho. Ataandika barua ya kuomba kazi, atatia sahihi mkataba wa nyumba ya kupanga, atasoma maagizo ya dawa ya mtoto wake.

Mambo haya hufundishwa. Wakati wa likizo mpe fomu halisi, ile ya benki au ya ushirika, ajaze kwa penseli kwanza. Mpe kazi ya kutuma pesa kwa M-PESA. Wenye disleksia wengi hupindua tarakimu, na shilingi huenda kwa mtu asiyejulikana. Mzoeze kuisoma namba kwa sauti, tarakimu mbilimbili, kisha kungoja jina la mpokeaji litokee kabla ya kukubali. Mfunze pia kusema bila haya, "Tafadhali nisomee hapa," na kutotia sahihi karatasi ambayo hajasomewa.

Na katika kuchagua kazi, tusimfungie mlango kwa kumhurumia. Wengine watafaa sana katika vyuo vya kiufundi, kama kile cha kitaifa cha Nyeri, na ufundi ni kazi ya heshima. Lakini si kila mwenye disleksia ni fundi wa kuzaliwa. Wamo mawakili, wafanyabiashara na madaktari wenye hali hii duniani. Uchaguzi uwe wake, kwa kufuata anachokipenda na anachokiweza.

BABA YAKE

Wiki kadhaa baada ya siku ile ya pakiti ya dawa, baba wa kijana alikuja kliniki peke yake jioni, wakati wagonjwa wamekwisha. Nilidhani amekuja kunilaumu, kwani nilikuwa nimesikia kwamba yeye ndiye aliyetaka kijana aache shule ili karo iwasomeshe wadogo zake.

Alikaa, akazungusha kofia yake mikononi. "Daktari," alisema, "hayo uliyomwambia mke wangu, mbona ni mimi?"

Alinieleza kwamba huwa anashika kichwani kilo za majani chai za mwezi mzima, siku kwa siku, kwa sababu hawezi kusoma risiti za kituo cha kununulia majani chai kwa haraka ya kuaminika. Kwenye mikutano ya ushirika huwa anasema ameacha miwani nyumbani. Nilikumbuka nilipokuwa nimeyasikia maneno hayo. Aliacha shule akiwa darasa la sita, baada ya kuchekwa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Nilimwambia kwamba hakuna mtu katika nyumba ile anayeweza kumsaidia kijana kuliko yeye. Aende akamwambie mwanawe maneno hayohayo aliyoniambia mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniaga. Baadaye mama aliniambia kwamba alimwambia, jikoni, usiku, na kwamba baba na mwana walilia pamoja. Kijana hakuacha shule.

AMEFIKA WAPI?

Sitamdanganya msomaji. Kijana yule bado anasoma polepole, na atasoma polepole maisha yake yote. Tahajia yake ya Kiingereza ingali ya kubahatisha. Hajawa wa kwanza darasani. Lakini tumbo la kufungua shule limekwisha, anamaliza karatasi nyingi za mtihani, na katika hesabu ndiye anayewaeleza wengine.

Mwaka jana alikuja kliniki akiwa na kikohozi. Alikuja bila mama. Alizungumza mwenyewe na muuguzi dirishani, akamwambia kwamba fomu ataijaza lakini apewe muda. Nilimpima, nikamwandikia dawa, nikampa karatasi. Aliitazama. Safari hii hakusema kwamba amesahau miwani.

"Daktari," alisema, akinirudishia karatasi ile, "nina disleksia. Lakini mwandiko huu hata asiye nayo hawezi kuusoma. Niandikie kwa herufi za chapa."

Nilimwandikia upya. Tangu siku hiyo huwaandikia wagonjwa wangu wote kwa herufi za chapa, na wengi wameshukuru.

Mzazi, ukimwona mwanao katika kisa hiki, anza wiki hii. Keti naye, msomee ukurasa mmoja, kisha mwache akusomee mwingine, usikilize tofauti. Zungumza na mwalimu wake. Ulizia kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Msaidie leo kwa mikono miwili, kesho kwa mkono mmoja, na keshokutwa kaa kando umtazame akifanya mwenyewe.